Mizuka Yenye Anwani

Muhula huu chama chetu kilipanga kutafsiri visa vichache vya mizuka ya Johannesburg, ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapate kitu cha kusoma kinachohusu mji wanaouishi. Tulidhani ni kazi ya jioni mbili. Tukakwama kwenye neno la kwanza.

Kisa tulichoanza nacho ni cha Daisy de Melker. Ni vigumu kupata orodha ya nyumba za kutisha za jiji hili inayomwacha. Alikuwa muuguzi, akashtakiwa kuwatilia sumu waume zake wawili, William Cowle aliyefariki 1923 na Robert Sproat aliyefariki 1927, kisha mwanawe Rhodes aliyefariki Machi 1932. Mahakama ilimtia hatiani kwa kifo cha mwanawe tu, aliyewekewa aseniki kwenye kahawa. Alinyongwa Pretoria tarehe 30 Desemba 1932. Nyumba ya Turffontein alikoishi na Cowle husemwa kuwa haijatulia tangu siku hizo.

Kisa cha pili kinajulikana zaidi kwa rika letu: hospitali ya Kempton Park, mashariki mwa jiji, karibu na uwanja wa ndege. Ilifungwa mwisho wa Desemba 1996. Vitanda, mashine na hata mafaili ya wagonjwa viliachwa ndani, na kwa miaka mingi vijana wameruka ukuta usiku kwenda kusikiliza nyayo za wauguzi wasioonekana. Hatukwenda. Wengine wetu walitaka, na wengine tulikumbusha kwamba wagonjwa wa eneo hilo wamekuwa wakielekezwa Tembisa, ambako msongamano ni habari ya kila siku. Kwa maoni yetu hilo linatisha kuliko nyayo.

Sasa, neno. Daisy wa Turffontein tumwiteje? Mwenzetu mmoja aliandika "mzimu". Mwenzetu kutoka Mbeya akakataa kabisa: mzimu una wenyewe, una ukoo na mahali pa kupewa sadaka. Ndiyo maana Dar es Salaam mpaka leo ina mtaa uitwao Mzimuni. Mwanamke anayezungukazunguka jikoni kwa watu asiowajua ni mzuka. Waliokulia KwaZulu-Natal wakasema kwao ni isipoki, na wa Kisotho wakasema sepoko. Hapo tulicheka, maana yote mawili yametoka kwenye Kiafrikana, spook. Yaani hata jina la kitu hiki lilikuja na wageni!

Lakini mzimu haukuja na mtu. Shina lake ni la kale sana katika lugha za Kibantu, na tukilifuata kutoka pwani hadi hapa Rand tunalikuta njia nzima. Kiswahili kina mzimu, kuzimu na zimwi. Kisotho kina badimo, yaani wazee waliotangulia, na Modimo, jina la Mungu, na ledimo, yule mla watu wa hadithini. Kizulu kinawaita wazee waliotangulia amadlozi, lakini kimehifadhi izimu, ndugu wa damu wa zimwi letu. Mtoto wa Lamu na mtoto wa Soweto wametishwa na bibi zao kwa neno lilelile.

Maneno haya yalipata msukosuko katika karne ya 19. Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman, alikamilisha Biblia ya Kitswana mwaka 1857. Ndani yake Mungu ni Modimo, jambo ambalo halikusumbua wengi. Lakini wale pepo wachafu wanaofukuzwa na Yesu waliitwa badimo. Msomi wa Botswana, Musa Dube, aliandika mwaka 1999 juu ya tafsiri hiyo, na hoja yake ni nzito: msomaji alifundishwa katika lugha yake mwenyewe kwamba babu na bibi zake ni mashetani. Kwa wanafunzi wa tafsiri kama sisi, mfano huu ulitosha kutuondolea pupa.

Baada ya kugawa maneno hivyo, tuliitazama upya orodha yetu ya mizuka na tukaona kasoro. Kila mzuka wa Johannesburg una anwani. Una nyumba na mtaa, na mara nyingi jina la mtu aliyeandikwa magazetini. Lakini jiji hili lilijengwa juu ya machimbo ya dhahabu yaliyofunguliwa 1886. Waliokufa humo kwa miamba kuporomoka, kwa vumbi la mapafu na kwa nimonia ni wengi kupita kiasi, na katika visa tulivyokusanya hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kwa jina.

Baadhi yao walikuwa watu wa kwetu, kwa maana ya kwetu Afrika Mashariki. Shirika lililoundwa mwaka 1900 kuajiri wachimbaji, ambalo watu waliliita Wenela, lilifika mbali sana kaskazini. Vifo vya nimonia miongoni mwa watu wa nchi za joto vilizidi hata serikali ikapiga marufuku mwaka 1913 kuajiri watu wa kaskazini ya nyuzi 22 kusini. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa miaka ya 1930. Vijana wa Rungwe, kusini mwa Tanganyika, walikuja, wakachimba, wakarudi na mablanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ikasitisha uajiri huo.

Ambaye hakurudi, wa Rungwe au wa Eastern Cape, tatizo lake halikuwa kutokea usiku na kutisha wapangaji. Tatizo lilikuwa amekwama. Kwa Wazulu na jirani zao dawa yake inajulikana: mzee wa ukoo huchukua tawi la umphafa, mti wa jamii moja na mkunazi wetu wa pwani, akaenda mahali mtu alipofia. Humwita kwa jina na kumwambia wamekuja kumchukua. Njiani humweleza kila kitu: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto. Kwenye teksi marehemu hulipiwa nauli ya kiti chake. Wenzetu wawili wameshuhudia jambo hili katika familia zao, na wanasema dereva hashangai.

Lakini tawi linahitaji kujua pa kwenda, na linahitaji jina la kuita.

Januari 2025, huko Stilfontein, magharibi ya hapa, shughuli ya uokoaji ilitoa watu 246 walio hai na miili 78 katika mgodi uliokuwa umefungwa. Wengi wa wachimbaji hao walikuwa wageni wasio na vibali, kutoka Msumbiji, Zimbabwe na Lesotho. Miili ilipofika juu, kazi ya kuitambua ilikuwa ngumu. Tulikuwa tunajiandaa kwa mwaka mpya wa masomo wakati huo, na sura za habari hizo bado tunazo.

Kwa hiyo tafsiri imechelewa, na tunawaomba radhi walimu walioisubiri. Daisy atabaki mzuka, na wa hospitali pia. Tumeongeza kisa cha tatu, kifupi, cha tawi ndani ya teksi, na humo tumeandika mzimu. Turffontein yenyewe imepakana na machimbo ya zamani ya Robinson Deep, ambayo siku hizi ni jalala la manispaa. Malori ya taka hupita huko siku nzima, na kwenye orodha za mahali pa kutisha hapamo.