Urejelezaji wa metali za vipuri vya ndege na madini ya Nachingwea na Ruangwa

Urejelezaji wa metali katika utengenezaji wa vipuri vya ndege ni kukusanya, kutenganisha na kuyeyusha upya mabaki yanayotoka kwenye mashine za kukereza, ili kuokoa malighafi na nishati. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hazina kiwanda cha vipuri hivyo, lakini ardhi yao ina madini mawili yanayohitajika katika kazi hiyo: nikeli na kinywe.

Nikeli imo katika mwamba wa salfaidi wa Ntaka Hill, Nachingwea. Leseni ya kuhodhi eneo hilo ilifutika baada ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, na mgogoro uliofuata kati ya Serikali na wawekezaji ulimalizika mwaka 2024 kwa makubaliano ya dola milioni 90 za Marekani. Hadi wakati huo mgodi ulikuwa bado haujaanza.

Sehemu za injini ya ndege zinazokaa kwenye joto kali hutengenezwa kwa aloi za nikeli. Inconel 718, mojawapo ya zinazotumika sana, ni nikeli kwa zaidi ya nusu, pamoja na kromi na chuma. Kipande hufuliwa kwanza, kisha hukerezwa hadi kipate umbo lake, na hapo ndipo hasara ilipo. Katika vipuri vingine vya titani, hadi asilimia 90 ya metali iliyonunuliwa huishia kuwa maranda. Yakitupwa, hupotea pia nishati yote iliyotumika kuchimba, kusaga mwamba, kuyeyusha na kusafisha. Kwa alumini faida ya kurejeleza iko wazi kabisa: kuyeyusha mabaki huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuizalisha kutoka kwenye madini.

Hatua inayoamua mafanikio ni utenganishaji, nao hufanyika penye mashine kabla ya tanuri kuwashwa. Aloi ya alumini 2024 ina shaba nyingi, 7075 ina zinki nyingi. Zikichanganyika, metali inayopatikana haifai tena kwa ndege na hushushwa hadhi kwenda kwenye bidhaa nyingine. Maranda ya titani huchunguzwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kipande kidogo cha tangsteni kilichovunjika kutoka kwenye kisu cha mashine kinaweza kuanzisha ufa ndani ya injini. Baada ya kutenganishwa, maranda huzungushwa kwa kasi ili mafuta ya kupozea yatoke, kisha hushindiliwa kuwa matofali. Aloi za nikeli huyeyushwa katika ombwe, mbali na oksijeni.

Nishati huokolewa pia kwa kufua kipande kikaribie umbo la mwisho, hivyo kinachokerezwa kikawa kidogo. Kwa kuziba mivujo ya hewa iliyoshindiliwa. Na kwa kukinga tanuri lisipoteze joto.

Kinywe huingia hapo penye tanuri. Ruangwa ina mashapo ya Chilalo na mgodi wa Lindi Jumbo, ulioanza uzalishaji mwaka 2024. Kinywe cha vipande vipana huhimili joto kali na hakiloweshwi kwa urahisi na metali iliyoyeyuka, kwa hiyo hutumika kutengenezea vyungu vya kuyeyushia alumini na shaba, na huchanganywa na magnesia kufanya matofali ya matanuri ya feleji. Matofali hayo yakichakaa, nayo husagwa na kutumika tena.