Salesio: Hili Jina la Wazee wa Meru na Embu Lilitoka Wapi?

Hebu cheki kwa simu yako sai. Una akina Brian wangapi? Kevin je? Dennis? Haya, sasa tafuta Salesio. Kama umempata, niko tayari kubet soo moja kwamba huyo msee ama buda yake ametoka Meru, Embu ama hapo katikati Tharaka-Nithi. Na kwao ni Wakatoliki.

Mimi najua kwa sababu ID yangu imeandikwa Salesio. Mtaani naitwa Sale, na kuna wale huniandikia "Saleh" kwa meseji wakidhani mi ni Muislamu. Siku ya kwanza koleji, mwalimu alisoma majina, akafika kwangu akasimama, akauliza kama nimekuja kusoma ama kuuza. Darasa zima likaangua kicheko. Koleji niliacha mwaka wa pili sababu ya karo, si sababu ya jina, lakini hiyo kicheko nilitoka nayo. Mwaka jana nikaamua basi, hii jina natoa. Kabla nitafute wakili, nikasema wacha kwanza nijue ni ya nini. Hii ndio stori niliyopata, na kama wewe pia ni Salesio, ama guka wako ndiye, ikufae.

Linamaanisha nini?

Tuanze na kile halimaanishi. Halihusu mauzo. Pia si Saleh, hilo ni jina la Kiarabu na maana yake ni mtu mwema. Halafu usilitafute kwa Biblia, utamaliza kurasa zote na halipo.

Sales ni mahali. Ni kasri la familia moja ya mabwanyenye kule Thorens, karibu na Annecy, upande wa milimani ambao leo ni Ufaransa. Mwaka wa 1567 familia hiyo ilipata kijana, akabatizwa Francis. Dunia inamjua kama Mtakatifu Francis wa Sales. Kwa Kilatini anaandikwa Franciscus Salesius, na Waitaliano kwa hiyo Salesius wanapata Salesio. Kwa hivyo ukiitwa Salesio, unaitwa tu "wa Sales". Ni kama Mtaliano amwite mtoto wake Nkubu kwa heshima ya mzee mmoja mtakatifu aliyetoka Nkubu. Ukifikiria hivyo, utaona hata sisi tunaweza kucheka kidogo.

Huyo Francis alikuwa nani?

Buda yake alitaka awe wakili, na sheria alisoma, akahitimu. Lakini yeye akachagua upadri. Kuanzia 1594 alienda kuhubiri sehemu inaitwa Chablais, ambako watu walikuwa Waprotestanti na wengi hawakutaka hata kumsikiza. Jamaa hakutukana mtu. Alikaa chini akaandika mahubiri yake kwa karatasi fupi fupi, akawa anazipitisha chini ya milango ya watu usiku na mchana. Msee asipokuja kanisani, karatasi inamfuata kwake.

Mwaka wa 1602 akawa askofu wa Geneva, ingawa mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa Waprotestanti, so kazi yake aliifanyia Annecy. Alikufa mwisho wa 1622, akatangazwa mtakatifu 1665. Halafu 1923, Papa Pius wa 11 akamfanya msimamizi wa waandishi na wanahabari, sababu ya zile karatasi. Pia huhesabiwa msimamizi wa viziwi, kwa vile alimfundisha dini kiziwi mmoja kwa kutumia ishara.

Hapo kwa waandishi nilisoma mara mbili. Mimi hula kwa kuandika.

Lilifikaje mlimani?

Hapa ndio utamu uko, fuata pole pole.

Enzi za Francis, nyumbani kwao Savoy kulitawaliwa na watemi ambao makao yao makuu yalikuwa Turin, mji ambao leo uko kaskazini mwa Italia. Ndio maana watu wa Turin walimchukulia kama mtu wa kwao. Mwaka wa 1859, padri wa huko huko Turin, Don Bosco, alianzisha shirika la kusaidia vijana maskini, akaliita Wasalesiani, yaani watu wa Francis wa Sales.

Kwenye nyumba ya Don Bosco alisomea kijana anaitwa Giuseppe Allamano. Walizaliwa kijiji kimoja. Allamano alikua, akawa padri, na tarehe 29 Januari 1901 akaanzisha Wamisionari wa Consolata. Angalia hiyo tarehe vizuri. Kwa kalenda ya Kanisa ya wakati huo, 29 Januari ilikuwa sikukuu ya Francis wa Sales. Yaani shirika lenyewe lilizaliwa siku ya Salesio.

Mwaka uliofuata, Juni 1902, mapadri wawili na mabradha wawili wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, kwa chifu Karuri wa Gakure. Kutoka hapo wakaenda Nyeri, na 1911 wakafika Meru. Wakajenga misheni, na kando ya kanisa wakaweka shule na zahanati. Hospitali za Consolata za Nkubu kule Meru na Kyeni kule Embu bado zina jina lao mpaka leo.

Sasa, sheria ya Kanisa ya wakati huo, ile ya 1917, ilimwambia padri ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, padri aongeze jina la mtakatifu na aandike yote mawili kwa daftari. Na padri wa Turin akifikiria watakatifu, anafikiria wa kwao. Guka wangu alikuwa kijana mkubwa tu alipobatizwa. Alinyunyiziwa maji akiwa Njeru, akatoka nje akiwa Salesio Njeru. Cucu alituambia guka hakuwahi kujua Sales ni wapi. Alijua ni jina la mtu mzuri, na kwamba padri amelitamka kwa sauti kubwa.

Mbona hizi kaunti na si kwingine?

Kwa sababu wakati huo kila misheni ilikuwa na eneo lake, na majina yalifuata misheni. Waanglikana walikuwa Kigari, Embu. Wamethodisti walikuwa Kaaga, Meru, kuanzia 1912. Wapresbiteri wakaingia Chogoria 1922 na Daktari Irvine. Hao wote walikuwa watu wa Biblia, so kijana aliyepitia kwao aliitwa Silas, Japhet, Nahashon, Zakayo. Wakatoliki wa Consolata ndio walikuwa na orodha ya watakatifu wa Italia. Si sheria, majina huvuka mto na watu huoana, lakini ukisikia Salesio, umeshajua guka alisimama kwa foleni ya kanisa gani.

Na mbona Meru na Embu pamoja? Kwa sababu kwa Wakatoliki ilikuwa nyumba moja. Dayosisi ya Meru iliundwa 1953, na Embu ilikuwa ndani yake mpaka 1986, ilipogawanywa na John Njue, ambaye baadaye akawa kadinali, akawa askofu wa kwanza wa Embu. Kabla ya hapo Mmeru na Muembu walikuwa chini ya askofu mmoja, mapadri walihamishwa huku na huku, na majina yakatembea nao.

Nani anajulikana kwa hili jina?

Mkubwa wao ni Askofu Salesius Mugambi, aliyekabidhiwa Dayosisi ya Meru 2004 kumrithi Askofu Silas Njiru. Cheki vile jina lake limekaa: Salesius ni la mtu wa Ulaya, Mugambi ni la Kimeru, linatokana na sauti na kusema, mtu wa kuongea mbele za watu. Majina mawili na yote yanamtuma kazi moja.

Kwa vitambulisho utakutana na Salesio, Salesius, hata Salasio. Yote ni mtu mmoja, tofauti ni karani na masikio yake.

Sikukuu ni lini?

Ilihama. Kalenda ilipobadilishwa 1969, Francis wa Sales alipelekwa 24 Januari, na ndiyo siku ambayo Papa hutoa ujumbe wake wa kila mwaka kuhusu mawasiliano. Kama una beshte anaitwa Salesio, siku hiyo mnunulie hata chai.

Na sasa mbona husikii mtoto akiitwa hivyo?

Moja, sheria ya Kanisa ililegea. Ile mpya ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo. Leo mtoto anaweza kubatizwa Mwenda ama Mutuma na padri asilalamike. Mbili, wazazi wenyewe wanataka Ryan, Jayden na Liam. Na tatu, sisi wenye jina tumelificha.

Hii ya tatu ndio ilinigusa. Kwetu Embu, kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Meru nako mara nyingi hurithishwa tabia: kama mzee alikuwa mtu wa safari, mjukuu anaweza kuitwa Mwiti, na kama alikuwa mtu wa shamba, Kirimi. Kwa mila kinachorudi ni jina la asili, lakini familia mob huchukua na lile la ubatizo, kama vile mimi nilipewa yote mawili ya guka. Maana yake jina linaruka kizazi. Mtoto wangu ataitwa buda yangu. Mtoto wa mtoto wangu ndiye ataitwa Salesio Njeru, kama litakuwa bado liko.

Kulitoa si ngumu. Unaenda kwa wakili, mnaandika hati ya kubadilisha jina, linasajiliwa, linatangazwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, unachukua ID mpya. Ukishafanya hivyo, kwa familia yetu hakuna mwingine wa kulipitisha.

Mimi nimeacha. Sijasema na wewe uache, kila mtu ajue mzigo wake. Lakini kabla uende kwa wakili, piga simu ushago uulize mambo matatu: guka alibatizwa wapi, na padri gani, na ni nani alichagua jina. Kama guka hayuko, daftari la ubatizo bado liko parokiani, na majina yameandikwa kwa mkono. La guka wangu nililipata. Padri aliandika Salesio kwa hati safi, na kando yake Njeru.

Siku nyingine mtu akiniuliza kama niko sales, nitamwambia ndio, familia yetu iko huko tangu misheni.