Nitrofurantoini Kabla ya Siprofloksasini: Ulinganisho wa Dawa za Maambukizi ya Njia ya Mkojo kwa Mazingira ya Kianjai

Miongoni mwa watoaji dawa wa maeneo ya Meru na Embu kuna dai lililozoeleka kwamba, kwa kuwa Septrin imekwisha nguvu, mgonjwa anayelalamikia mkojo unaochoma apewe moja kwa moja siprofloksasini au sindano ya seftriaksoni, yaani dawa zinazosifiwa kuwa kali. Sehemu ya kwanza ya dai hilo haina ubishi mkubwa. Kotrimoksazoli, ambayo ndiyo Septrin, imetumika nchini Kenya kwa miongo mingi, ikiwemo kila siku kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi, na mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2011 ulishauri kwamba isitolewe kwa kukisia pale ambapo zaidi ya asilimia 20 ya bakteria wa eneo husika ni sugu kwake. Sehemu ya pili ndiyo inayopingwa hapa: kushindwa kwa Septrin hakuhalalishi kurukia siprofloksasini ilhali nitrofurantoini, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1950, bado inafanya kazi.

Sababu ya uimara wake inaeleweka. Nitrofurantoini huchujwa na figo upesi mno, hivyo kiwango chake katika damu hubaki kidogo huku ikijaa ndani ya mkojo, na ikiingia katika bakteria hugeuzwa kuwa kemikali zinazoshambulia sehemu kadhaa za kijidudu kwa wakati mmoja. Siprofloksasini, kinyume chake, hulenga vimeng'enya viwili tu vinavyohusika na kukunjua DNA, huenea mwilini kote hadi utumbo mpana, na huko huua bakteria dhaifu na kuacha walio sugu. Shirika la Afya Duniani limeiweka nitrofurantoini katika kundi la dawa za kutangulizwa na siprofloksasini katika kundi la kuchungwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilionya mwaka 2016 kwamba dawa za jamii ya siprofloksasini, kwa sababu ya madhara yake kwa kano na neva, zisitumiwe kwa maambukizi mepesi ya kibofu iwapo kuna dawa nyingine. Kwa Kenya yapo madhara ya ziada ambayo watetezi wa dawa kali huyapita kimya: jamii hiyo ya dawa hutuliza kifua kikuu kwa muda, ikachelewesha kugunduliwa kwake.

Ushahidi unaostahili kusomwa kwa makini zaidi ni wa jaribio lililochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA, ambalo liliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 513 wasio wajawazito wa Geneva, Łódź na Petah-Tikva katika makundi mawili: kundi moja lilimeza nitrofurantoini kwa siku tano, jingine lilikunywa mara moja tu gramu 3 za fosfomisini, unga unaokorogwa katika maji. Kwa mtazamo wa haraka fosfomisini ndiyo inayofaa soko kama la Kianjai, lililo kando ya barabara ya Meru kuelekea Maua, kwa maana mteja mwenye pesa za vidonge vinne hukatiwa vinne kwa mkasi na habari ya dozi ikaishia hapo. Matokeo hayakufuata mantiki hiyo. Baada ya siku 28, dalili zilikuwa zimekwisha kwa asilimia 70 ya waliopewa nitrofurantoini na asilimia 58 tu ya waliopewa fosfomisini. Urahisi wa kumeza mara moja, kwa hiyo, una gharama yake.

Itapingwa kwamba Geneva si Kianjai. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linaelekea kusikotarajiwa na wanaolitoa. Wanawake wa jaribio hilo walipimwa kwanza mkojo kwa kijiti, ilhali utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ambao miongoni mwa vituo vyake ni Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Kenya, uliotesha mikojo ya zaidi ya wagonjwa 7,500 wenye dalili na kukuta maambukizi kwa takriban asilimia 35 tu. Baadhi ya waliosalia huenda walikuwa na magonjwa ya zinaa, ambayo nayo huleta mchomo. Sifa ya "sipro" kwamba iliponya, basi, kwa kiasi fulani imejengwa juu ya watu ambao hawakuwa na ugonjwa huo.

Nitrofurantoini ina mipaka. Haifai maambukizi yaliyopanda hadi figo, yenye homa na maumivu ya kiunoni, wala mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika sana, wala mjamzito anayekaribia kujifungua. Humezwa pamoja na chakula na huweza kugeuza mkojo kuwa wa kahawia, jambo ambalo mgonjwa asipoelezwa humfanya aiache.

Katika kuwakinga wanaorudiwa na maambukizi haya, hoja huwa ngumu zaidi. Jaribio la Bulgaria lililochapishwa mwaka 2018 liliona visa 1.7 kwa mwaka kwa wanawake walioongeza lita 1.5 za maji kila siku, dhidi ya 3.2 kwa wasioongeza. Lilifadhiliwa na Danone, wauzaji wa maji ya chupa, na ushauri wake hautekelezeki kirahisi katika sehemu za chini za eneo la Tigania, Meru, wakati wa kiangazi. Methenamini, ambayo hugeuka kuwa fomaldehaidi ndani ya mkojo wenye asidi, ililinganishwa Uingereza na dozi ndogo ya kila siku ya viuavijasumu: visa 1.38 dhidi ya 0.89 kwa mwaka. Tofauti ni chini ya kisa kimoja kwa mwaka, na methenamini haizalishi usugu. Dozi ya kila siku ya Septrin ya kukinga maambukizi ya mkojo, kwa kipimo hicho, haistahili tena nafasi Meru. Kwa waliokoma hedhi, ulinganisho wenyewe unatoka nje ya viuavijasumu: mwaka 1993, katika jaribio la wanawake 93, krimu ya homoni ya estrojeni inayopakwa ukeni ilishusha visa hadi 0.5 kwa mwaka, dhidi ya 5.9 kwa waliopewa krimu isiyo na dawa.