Mato, Matso, Macho: Asili ya "Msamiati Mgumu" katika Madarasa ya Kwale

Katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, swali la ushairi aghalabu humtaka mtahiniwa aeleze maana ya msamiati kama ulivyotumika. Wengi hupoteza alama hapo, wala si kwa uvivu. Neno linalowatatiza mara nyingi lilikuwa la kawaida kabisa kabla historia haijaligeuza kuwa gumu.

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Ajabu ni kwamba Kimvita kilishindwa nyumbani kwao! Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Shuleni yakasomwa macho, chini na nchi. Washairi hawakuhama. Ahmad Nassir katika Malenga wa Mvita (1971) na Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973) walitunga kwa Kimvita, lahaja ambamo maneno hayo ni mato, tini na nti. Ndiyo maana msomaji wa bara hukimbilia sherehe.

Sasa mtazame mwanafunzi Mdigo wa Msambweni au Diani. Kwao husemwa matso, tsini na tsi. Penye ch ya Sanifu, Kimvita kina t na Kidigo kina ts. Mwanafunzi huyu ameambiwa tangu shule ya msingi kwamba Kidigo kinamharibia Kiswahili. Katika insha, huenda. Katika shairi la Kimvita kinampa ufunguo ambao mwenziwe wa Nyeri hana. Mwalimu na achore safu tatu ubaoni, awaache wanafunzi wenyewe wajaze ile ya Kidigo.

Faida yake huonekana pia katika swali la uhuru wa mshairi. Watahiniwa hudai kwamba mato ni tabdila. Lakini tabdila ni kubadilisha silabi ya neno bila kuathiri idadi ya mizani, na hapa mshairi hakubadilisha chochote. Alisema kama wasemavyo kwao. Jibu ni matumizi ya lahaja.

Tahadhari moja. Si kila t ya Kimvita huwa ch. Moto ni moto Mvita na Unguja, na Kidigo husema moho. Mti nao ni muhi. Kwa hiyo mtahiniwa akishakisia, airudishe maana katika ubeti aone kama inakaa.

Kusini zaidi kuna Kivumba cha Wasini na Vanga, na Chichifundi cha Funzi. Lambert alichapisha maelezo ya Kivumba mwaka 1957 na ya Chichifundi 1958, na mwaka 1982 ikatoka diwani ya Boukheit Amana, Malenga wa Vumba. Shule za huko zina wazee wanaozisema lahaja hizo hatua chache tu kutoka darasani, na kuwauliza hakugharimu kitu.