Gari Lililolala Lina Historia Yake

Juma hili nataka tuzungumze juu ya magari yaliyolala. Sisemi yale mabovu yaliyotupwa nyuma ya gereji yakaota majani hadi kwenye usukani. Nasema gari zima, lililoegeshwa ndani ya ghala, likafunikwa turubai, likakaa miaka arobaini na zaidi, kisha siku moja ukasikia linauzwa. Muuzaji wa gari la namna hiyo hutanguliza neno moja: halijatembea. Atakuonyesha mita, maili elfu chache tu, na mnunuzi huanza kuhesabu fedha kabla hajafungua boneti.

Hapa Mwanza magari hayo ni machache, lakini yapo. Miezi michache iliyopita kijana mmoja mfanyabiashara wa samaki aliniomba nimsindikize kwenye ghala moja mjini, akalione gari la spoti aina ya Datsun 240Z. Mita ilisoma maili 31,000. Chini ya vumbi rangi bado iling'aa. Kijana alikuwa tayari kulipa siku ile ile. Mimi nilimwamkia mzee anayelinda ghala, nikamwuliza kwa nini gari hili lilisimama. Akajibu, "Mwanangu, mwenyewe alisema atarudi."

Ili kulielewa jibu hilo hatuna budi kurudi nyuma.

Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, ikaendelea hadi 1973. Ni gari la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4. Katika Afrika Mashariki sifa yake ililetwa na mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kuanzia 1960 hadi 1974 ziliitwa Safari ya Afrika Mashariki. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na aliyeshika nafasi ya pili, naye kwa 240Z, alikuwa kijana mzaliwa wa Kampala aitwaye Shekhar Mehta.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mehta naye akahamia Kenya. Mwaka uliofuata akaingia tena kwenye mbio na 240Z, akamaliza sawa kwa pointi na Harry Källström, na kanuni za kuvunja sare zikampa ushindi. Alishinda tena mara nne, kuanzia 1979 hadi 1982, na alifariki mwaka 2006. Mtu huyo alipoteza kwao akabaki na usukani. Maelfu wengine waliacha vyote, nyumba, maduka na magari, na mengi ya magari hayo yakaishia mikononi mwa askari.

Upande wetu wa ziwa hakuna aliyepewa siku 90. Lakini Aprili 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kiasia, za hapa Mwanza zikiwamo, zikaona bora zianze upya Uingereza au Kanada. Kutoa fedha nje ya nchi kulibanwa. Dhahabu mtu angeweza kuishona kwenye pindo la nguo. Gari halishonwi kwenye pindo. Kwa hiyo liliachwa kwa mtu wa kuaminiwa, karani au jirani, na maneno yale yale: nitarudi.

Waliobaki nao hawakuwa na raha ya kuendesha. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na mtu wa Mwanza aliyezoea kuagiza spea Kisumu au Nairobi akabaki mikono mitupu. Ikaja vita ya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilijaribu kuupiga mji huu, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Baada ya vita nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Petroli ilikuwa ya foleni, na Jumapili baada ya saa 8 mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Mwaka 1983 kukawa na msako wa wahujumu uchumi. Mimi hayo nimeyasikia kwa wazee, lakini jiulize: katika mwaka ule, nani angelipitisha gari la spoti jekundu Barabara ya Kenyatta watu wakiwa kwenye foleni ya sabuni? Mwenye akili alilifunika turubai.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika miaka iliyofuata, Datsun ya zamani haikuwa na mtu wa kuiulizia tena. Ndiyo maana nasema mita yenye maili chache, katika pwani hii ya ziwa, ni kalenda. Inakuonyesha ni mwaka gani mambo yalimshinda mwenye gari.

Haikuonyeshi afya ya gari. Kwanza, mita nyingi za zamani zina tarakimu tano. Zikifika 99,999 huanza upya, na 31,000 inaweza kuwa 131,000. Tazama uchakavu wa pedali, kiti na usukani, ndivyo vitakavyosema kweli. Pili, gari si dhahabu, halihifadhiki kwa kukaa. Petroli iliyobaki ndani hugeuka gundi, ikaziba kabureta. Tangi huota kutu kwa ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu wa kutosha, hata pistoni za breki zikagandamana na silinda zake. Sili na mipira hukakamaa, tairi hupasuka ingawa kashata zake bado ni ndefu. Panya hula nyaya. Ringi za injini huweza kushikana na kuta za silinda, na ukipiga stata kwa pupa unavunja kilichokuwa kizima. Fundi mwenye busara huondoa plagi, hutia oili kidogo, akaizungusha injini kwa mkono kwanza. Humwaga mafuta yote ya zamani, na hatoi gari nje kabla breki hazijafumuliwa zote. Gharama hiyo iingize kwenye bei kabla hujatoa mkono wa makubaliano, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kijana wangu aliyasikiliza hayo yote vizuri. Alichoshangaa ni nilipomwambia kwamba hayo ndiyo mepesi. Lililo zito ni kwamba mzee yule hana kadi ya gari kwa jina lake. Ana ufunguo na ana ahadi. Amelifuta vumbi miaka yote hiyo bila mshahara wa kazi hiyo, na sasa uzee na mahitaji vimemfikia. Kumwambia hana haki yoyote ni ukatili. Kununua kwake kana kwamba gari ni lake ni kununua amana ya mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii daftari lipo: jina la mwenye gari limeandikwa kwenye kadi ya zamani iliyomo ndani ya gari, na watoto wa watu hao hutafutika kupitia ndugu na jumuiya zao zilizobaki mjini. Barua imekwisha kuandikwa. Fedha ya kijana bado iko mfukoni mwake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiambiwa gari halijatembea, uliza mambo matatu: lilisimama mwaka gani, lilisimamishwa na nini, na aliyeliacha yuko wapi. Akipatikana, au warithi wake, bei igawanywe kwa maandishi mbele ya wakili, na aliyelitunza apate fungu lake. Hapo ndipo umwite fundi.