Ramani ya Mkondo: Istilahi ya Maji Yaendayo katika Michezo ya Video

Miongoni mwa kazi zinazowataabisha mafundi wa michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu, kazi ya kuyafanya maji yaonekane kuwa maji ni katika zile zitakazo subira kubwa. Maana jicho la mwanadamu, lililozoea kuyatazama maji tangu utotoni, huutambua upesi uongo wowote unaotiwa ndani yake. Mambo matatu sharti yapatane: rangi, nuru na mwendo. Katika habari ya nuru elimu ni ya zamani, maana Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyefariki mwaka 1827, alikwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba kiasi cha nuru iakisiwayo hufuata pembe inayoingilia: ukiyainamia maji matulivu wima, asilimia 2 hivi tu ya nuru ndiyo irudishwayo na iliyobaki huzama, ilhali ukiyatazama kwa mbali, macho yako yakiwa karibu sawa na uso wake, huona mbingu na miti kama katika kioo. Ama mwendo, huo ndio aghalabu husahauliwa, na ndio ulioizaa istilahi tunayokusudia kuieleza.

Mtu akisimama Museum Hill, kusini mwa Parklands, baada ya mvua ya masika, akautazama Mto Nairobi ukishuka kutoka Chiromo, ataona kwamba maji ya katikati yaenda mbio na ya kandoni yajikokota. Ataona pia kwamba yakifika penye jiwe hugawanyika, na nyuma ya jiwe lile hugeuka yakarudi juu kidogo, yakizungusha povu na majani makavu mahali pamoja. Basi fundi akichukua picha moja ya viwimbi na kuiburura upande mmoja juu ya mto mzima, viwimbi vitapenya ndani ya jiwe kana kwamba jiwe halipo, na hata rangi ikiwa nzuri namna gani, mchezaji hatasadiki.

Dawa ya aibu hiyo ni kile ambacho Waingereza huita "flow map", nasi twapendekeza kukiita ramani ya mkondo. Mwaka 2010, katika SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta uliofanyika Los Angeles, Alex Vlachos wa kampuni ya Valve alieleza jinsi njia hiyo ilivyotumika katika maji ya kinamasi ya mchezo wa Left 4 Dead 2 na katika Portal 2. Nayo ni picha ambayo rangi zake si za kutazamwa bali ni za kusomwa: wingi wa nyekundu katika kila nukta huonyesha maji yaende kulia au kushoto, na wingi wa kijani huonyesha yaende mbele au nyuma; rangi zote mbili zikiwa nusu, maji hutulia, na kadiri zizidivyo kuiacha nusu ndivyo mwendo uongezekavyo. Lakini viwimbi vikivutwa muda mrefu kwa kuifuata ramani hiyo huvurugika, hata sura yake ikapotea. Kwa hiyo huwekwa tabaka mbili za viwimbi zipokezanazo, moja ikififia na kurudi mwanzo wakati nyingine iko katika nguvu yake, asidiriki mtazamaji kuiona ile irudiyo.

Sababu ya kulichagua neno mkondo badala ya mtiririko ni kwamba mtiririko huarifu kutiririka tu, lakini mkondo una nguvu na una upande, jambo alijualo kila nahodha aliyewahi kusukumwa na mkondo wa bahari akatupwa nje ya njia yake. Na hayo mawili, nguvu na upande, ndiyo hasa yaliyoandikwa katika kila nukta ya picha ile. Kadhalika ramani ni neno walilolitumia mabaharia kwa chati ya kuongozea chombo, na mafundi wa nyumba kwa mchoro wa ujenzi, maana yake ni mchoro wa kufuatwa wala si wa kupamba. Na hii yetu ni ya namna hiyohiyo.

Haja ya istilahi hii si ya mbali. Mwaka 2015 Black Division Games ya hapa Nairobi ilitoa Nairobi X, mchezo wa mapigano uliouweka mji huu wenyewe mbele ya mchezaji, na ikawa dhahiri kwamba mandhari zetu zaweza kujengwa na mikono yetu. Mito yetu nayo itajengwa, na watakaoijenga watahitaji kufunzana na kukosoana kwa lugha wanayoelewana. Mwalimu awezaye kumwambia mwanafunzi, "Mkondo wako umepita ndani ya nguzo ya daraja, urudi kwenye ramani, uupindishe, kisha uupunguze nguvu kandoni," amekwisha kumfundisha fizikia na ufundi kwa pamoja, wala hakulazimika kutoka nje ya Kiswahili.