Vipele vya Fordyce

Vipele vya Fordyce ni tezi za mafuta zisizo na unywele, zinazoonekana kwenye midomo, upande wa ndani wa mashavu, kwenye uume, fuko la korodani na mashavu ya uke. Kwa kawaida tezi ya mafuta hukaa ubavuni mwa shina la unywele na kumwaga mafuta yake humo. Hizi hufunguka moja kwa moja juu ya ngozi. Jina limetokana na John Addison Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani, aliyevieleza mwaka 1896.

Kila kimoja kina upana wa milimita 1 hadi 3, na rangi yake ni nyeupe inayoelekea manjano. Mdomo wa juu ukivutwa mbele ya kioo, hujitokeza vingi kwa mpigo, kama chenga za mchele zilizofunikwa kwa ngozi nyembamba. Ukiachiwa, vingine hupotea machoni. Haviwashi, haviumi, havitoi usaha. Tezi zenyewe mtu huzaliwa nazo, ila homoni za balehe ndizo huzikuza, na ndiyo maana kijana huviona wakati uleule anapoanza kuukagua mwili wake kwa wasiwasi. Hukadiriwa kuwa asilimia 70 hadi 80 ya watu wazima wanavyo.

Haviambukizi, si kwa busu wala kwa kujamiiana. Hili lisemwe wazi, maana vipele vya sehemu za siri vikionekana, mwenzi hushukiwa kabla daktari hajaulizwa. Malengelenge ya hepesi huuma, huja kwa mafungu, hupasuka na kuacha vidonda. Sundosundo huota na kuongezeka, na mara nyingi uso wake huparuza. Kaswende huweza kuanza bila maumivu yoyote, lakini dalili yake hiyo ya kwanza ni kidonda, si punje ya mafuta.

Havihitaji tiba. Wapo wanaoviondoa kwa leza au kwa kuvichoma kwa umeme, kwa ajili ya sura tu, na kovu laweza kubaki. Ukivikamua, hutoka uteute mzito mweupe na ngozi ikavimba. Limau, dawa ya meno na krimu za kuchubua ndizo mbaya zaidi: huunguza ngozi laini, na aliyekuwa na vipele visivyouma akabaki na kidonda kinachouma. Kipele kinachouma, kinachotoka damu, kinachokua haraka au kilichogeuka kidonda kionyeshwe kwa mhudumu wa afya.